Utepe Mfupi wa Chimala

Iringa,
14 Julai 1978

Shemeji Asukile,

Kamwene. Natumaini Dada Kalista na watoto hawajambo, na baridi ya Mbeya haijawamaliza. Huku tunavaa makoti mawilimawili na bado tunatetemeka.

Barua hii ningeweza kuiandika kiofisi, lakini ingepitia kwa mkuu wangu, Bwana Sedekia, naye angeisoma kabla yako. Ndiyo maana nakuandikia kama shemeji. Isome peke yako.

Tepe za karatasi zenye vipimo vya mito unazotoboa huko na kutuletea kwa basi zimeanza kunitia mashaka. Jumatatu niliingiza mmoja kwenye kompyuta. Mistari ya mwanzo ilitoka safi: jina la mto, tarehe, kina cha maji. Kuanzia mstari wa tano mashine ikageuka, ikaanza kuchapa herufi za Kijapani, ukurasa mzima. Miezi minane niliyokaa kwa Wajapani nikijifunza kuiendesha ilinitosha kuzitambua herufi zao, hata kama sizisomi vizuri. Nilijaribu kuziunganisha. Hazisemi kitu.

Bwana Sedekia aliichukua ile karatasi akaifungia kabatini. Akaniuliza, "Huyo karani wa Mbeya anaandikiana na nani?" Nikamwambia ni mume wa dada yangu. Akasema, "Hilo sikukuuliza."

Basi niambie kweli. Ukitoka ofisini, ni nani anayeishika mashine yako ya kutobolea?

Shemeji yako,
Verediana Kalinga


Mbeya,
21 Julai 1978

Shemeji Verediana,

Barua nimeipata. Kalista hajambo, watoto hawajambo. Mimi nilikuwa sijambo mpaka nilipoifungua.

Kijapani sikijui hata neno. Kiswahili chenyewe nilikikuta shuleni, nyumbani kwetu ni Kinyakyusa tangu asubuhi mpaka jioni. Sasa leo niandike siri kwa lugha ya watu ambao nimeona watatu tu maishani mwangu?

Mwambie Bwana Sedekia kazi yangu ilivyo, maana naona haijui. Kila mto una ubao wa namba uliosimikwa majini, na katika ubao kuna alama nyekundu. Msoma kipimo wetu huenda kila asubuhi kuangalia. Maji yakiwa juu ya alama, anaandika namba tupu. Yakiwa chini ya alama, anaandika namba na kuweka C mbele yake, yaani chini. Fomu zinanifikia hapa Mwanjelwa, chumba kimoja nyuma ya maduka ya nguo, nami nazitoboa kwenye utepe kama zilivyo. Ufunguo wa chumba ninao mimi peke yangu.

Mashine yenyewe ina kiswichi ubavuni, upande mmoja herufi zetu, upande mwingine za kwao. Kimelegea. Ukipiga kwa nguvu kinaruka chenyewe bila kukuaga. Nimeandika barua tatu kuomba fundi. Labda nazo Bwana Sedekia amezifungia kabatini.

Ukitaka kuniuliza neno lolote, uliza. Lakini usiniulize kama askari.

Shemeji yako,
Asukile Mwakibete


Iringa,
11 Agosti 1978

Shemeji,

Nisamehe kwa ile barua. Hapa ofisini kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, nami nilikuambukiza.

Tatizo limekwisha. Wajapani wametutumia chombo, si cha chuma. Ni utepe wenye maagizo ambao kompyuta inausoma na kuukumbuka. Kazi yake ni moja: kila utepe wa vipimo ukiingia, chenyewe kwanza kinautazama mpangilio wa matundu na kuamua kama ni herufi zetu au za Kijapani. Kikiona ni za Kijapani, kinazirudisha ziwe zetu. Nimekiita kitambuzi.

Kukiweka si mchezo. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Unakaa mbele ya kibodi na kuandika amri moja baada ya nyingine, na ukikosea nukta moja mashine inakaa kimya kama mtu aliyeudhika. Mara mbili utepe ulichanika nikaugundisha. Mara ya tatu ikachapa neno moja, kwamba iko tayari. Nikaingiza ule utepe wako wa Kijapani cha kichaa. Ilitoka mito yote tisa, safi, mpaka jina lako chini.

Bwana Sedekia alisimama nyuma yangu. Akauliza, "Hakikosei?" Nikamwambia hakikosei. Akatoka kwenda kuwaita wenzake waje waone.

Bwana Nishida, mhandisi aliyekuja kukileta, amekwisha kurudi kwao. Sasa katika ofisi nzima ni mimi tu ninayejua kukiweka na kukiondoa.

Kitu kimoja. Tepe za mto wa Chimala mbona huja peke yake na ni fupi hivyo? Nyingine zina mistari mia, zile zina saba.

Verediana


Mbeya,
27 Agosti 1978

Mdogo wangu Verediana,

Hujambo mwanamke wa mashine? Shemeji yako anasema siku hizi unaongea na chuma nacho kinakujibu. Mama angekuwa hai angekupeleka kwa padri.

Sisi tuko salama. Asukile ana kazi nyingi, hata Jumapili anakwenda. Anasema fomu za Chimala huchelewa, basi anazitoboa kando na nyingine kila wiki na kuzituma haraka, maana kamati yenu ya maji inazingojea hizo kuliko zote. Yule msoma kipimo wa huko ni Msukuma mmoja anaitwa Seni Malimi, mtu mrefu, mpole. Wazee wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Alikuja hapa nyumbani juzi akatuletea debe zima la mchele. Mchele wa Chimala, mdogo wangu, ukiupika jirani wanabisha hodi. Nimekuwekea kidogo. Ukija Krismasi utaukuta.

Usikae sana na hiyo mashine. Macho hayanunuliwi.

Dada yako,
Kalista


Iringa,
6 Oktoba 1978

Ndugu Mwakibete,

Nakuandikia kabla ya barua ya ofisi, ili usije ukasema sikukuonya.

Kwa wiki saba mto wa Chimala umeonekana uko juu ya alama nyekundu. Mito yote jirani imekauka, huo peke yake umejaa. Unajua kanuni ya kamati. Maji yakiwa juu ya alama, lango la mfereji hufunguliwa na wakulima wa mpunga wa juu wanamwagilia. Yakiwa chini, lango linafungwa ili maji yateremke kwa wafugaji walioko chini ya daraja. Kwa vipimo vyenu lango limekuwa wazi wiki saba. Sasa zimekuja habari kwamba huko chini mto ni mchanga mtupu na ng'ombe wanakufa.

Nimetazama karatasi zote za Chimala. Hakuna C hata moja.

Bwana Sedekia anasema wakulima wa mpunga wamemnunua msoma kipimo. Nami sikuweza kumbishia, kwa sababu najua mchele wa huko umefika mpaka nyumbani kwako, debe zima. Wewe hukuutaja hata mara moja.

Nakuomba utunze fomu zake. Zitachukuliwa.

V. Kalinga


Mbeya,
13 Oktoba 1978

Verediana,

Fomu zimekwisha kuchukuliwa. Walikuja watu wawili Jumanne na barua ya Bwana Sedekia, wakaondoka na faili zima kabla sijamaliza kuwauliza majina. Kwa hiyo onyo lako limenifikia siku mbili baada ya faili kuondoka.

Mchele. Mama yake Seni aliugua macho. Nilimwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari, nikampokea hapa siku mbili. Seni ana kijaruba cha mpunga alichoazimwa na mkwewe, akanishukuru kwa alichonacho. Sikukutajia kwa sababu sikujua kwamba chakula cha nyumbani kwangu kinaandikiwa ripoti. Nimemuuliza Kalista kama amekuandikia. Analia tangu jana.

Sasa nisikilize. Fomu za Seni nilizitoboa mimi. C zilikuwepo. Kila siku, tangu katikati ya Agosti, C. Nilizipiga kwa kidole hiki. Wewe unasema hakuna hata moja. Basi kati ya Seni na karatasi yako kuna watu wawili tu wanaoshika kazi, mimi na wewe. Mimi najua sikudanganya.

Nimemwandikia Seni aniambie mwenyewe anachokiona.

Asukile


Chimala,
17 Oktoba 1978

Bwana Karani Asukile,

Salamu. Mimi mzima lakini siyo mzima sana.

Umeniuliza maji iko wapi. Maji iko chini tangu mwezi wa nane. Leo iko sentimita sitini chini ya ile alama. Mimi naandika C, kila siku C. Mimi shule nimesoma darasa la nne, lakini C naijua.

Mlinzi wa lango nilimwendea. Nikamwambia funga, mto imekwisha. Akaniambia, "Seni, na mimi nina macho. Lakini karatasi ya Iringa inasema mto imejaa, na mshahara wangu inatoka kwenye karatasi." Wale wa mpunga wanaona, wananyamaza. Kwa nini waseme?

Ndugu zangu huku chini wamesikia karatasi inasema maji iko juu. Wakauliza nani anasoma. Ni Seni. Wakasema Seni ameuza mto kwa watu wa mpunga. Wamenitenga. Hakuna mtu anakuja kwangu kuomba moto. Mke wangu akienda kwenye shimo la maji, wanawake wanasimama mbali, mpaka amalize ndiyo wanachota. Mama yangu mzazi amehamia kwa kaka yangu. Yeye naye hajui amwamini nani.

Ng'ombe kumi na tisa wamekufa. Wanne ni wa kwangu. Sasa, Bwana, mtu anayeuza mto, anaanza kuua ng'ombe wake?

Juzi wamekuja watu wa ofisi, wamesema nisiguse ubao tena mpaka kesi iishe. Mimi bado nakwenda asubuhi kuangalia. Siandiki. Naangalia tu.

Seni Malimi


Mbeya,
20 Oktoba 1978

Verediana,

Nimekunakilia barua ya Seni yote, neno kwa neno, iko ndani ya bahasha hii. Isome mpaka mwisho ndipo uendelee na yangu.

Walipochukua fomu walidhani wamechukua kila kitu. Hawajui kwamba kila utepe wa Chimala huwa naupiga mara mbili, kwa sababu basi lilishawahi kupoteza mmoja. Nakala ninazo zote. Mmoja huu hapa, wa wiki ya tarehe 4 Septemba.

Usiuingize kwenye mashine. Uinue dirishani penye mwanga, uusome kwa macho yako kama tulivyokuwa tunafanya mwanzoni. C ni matundu matatu, mawili yameshikana na moja liko mbali. Hesabu ziko ngapi. Kisha chukua ule ulioupokea kutoka kwangu wiki ileile, uuweke juu ya huu. Yakipishana tundu moja, nitakuja Iringa mwenyewe na pingu mkononi.

Na yakilingana, utaniambia C zangu zimekwenda wapi.

Asukile


Iringa,
27 Oktoba 1978

Shemeji,

Yamelingana.

Kosa liko kwenye mashine. Nimekwisha kulirekebisha na halitatokea tena. Tepe za Chimala zitakazofuata zitatoka sawa. Fomu zako, ambazo bado zimefungwa kabatini bila kusomwa, zitarudishwa kimyakimya.

Nakuomba jambo hili tuliache hapo. Mambo ya Kagera unayasikia redioni, watu wamechachamaa, na hapa kila kitu chenye maandishi ya kigeni kinatiliwa shaka. Si wakati mzuri wa mtu kuanza kueleza habari za herufi za Kijapani.

Mpe Dada pole. Mwambie simlaumu.

Verediana


Mbeya,
2 Novemba 1978

Verediana,

Umemwambia Kalista humlaumu. Yeye amefanya nini cha kulaumiwa?

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Kosa liko kwenye mashine. Mashine gani? Ile uliyomwambia mkuu wako kwamba haikosei? Umelirekebisha lini, na umejuaje pa kulirekebisha upesi hivyo, siku saba tu, wakati mimi naomba fundi wa kiswichi mwaka mzima?

Jana nilikwenda Chimala. Nimemkuta Seni amekaa darajani. Mtu wa kabila lake akapita na baiskeli, Seni akamsalimia, yule akageuza uso kwenye mchanga mpaka alipovuka. Nikamwambia Seni, "Iringa wamekubali kosa ni la mashine." Akaniuliza, "Wamekubali kwa nani?"

Sasa nakuuliza lilelile. Umekubali kwa nani? Kwangu tu, kwenye barua ya siri? Kamati bado ina karatasi inayosema Seni ni mwongo. Ndugu zake bado wanasema ameuza mto. Lango bado liko wazi mpaka kesi iishe, nimeliona kwa macho yangu.

Kuna kitu unakijua. Kalista anasema tangu utotoni ukiwa na kosa huwa unaandika kwa kifupi. Mimi sikukujua utotoni. Nakujua sasa.

Asukile


Iringa,
10 Novemba 1978

Shemeji Asukile,

Dada anasema kweli. Basi nitaandika kwa kirefu.

Siku ya mwisho, kabla ya kuondoka, Bwana Nishida alinikalisha akanifungulia ukurasa wa kitabu cha kitambuzi. Akaupigia mstari kwa kalamu. Aliniambia, "Utepe mrefu kinautambua, kwa sababu kina vitu vingi vya kulinganisha. Utepe wenye mistari chini ya kumi na mbili hakiwezi kuutambua, kinabahatisha. Na kikibahatisha kinapenda kusema ni Kijapani, kwa sababu kimetengenezwa kwetu. Utepe mfupi ukija, kiondoe kwanza." Nikaandika kwenye daftari langu. Ninalo hapa.

Ndiyo sababu nilikuuliza mwezi wa nane kwa nini tepe za Chimala ni fupi. Hukujibu, nami sikurudia.

Kukiondoa ni amri tatu tu. Mashine inauliza kama una hakika, unajibu, kimetoka. Kukirudisha ndiyo kazi: dakika arobaini, utepe unachanika, unaanza upya. Wiki ya kwanza nilikiondoa, nikapitisha Chimala, nikakirudisha. Wiki ya pili hivyohivyo. Wiki ya tatu Bwana Sedekia akaja na wageni kutoka Dar es Salaam. Walisimama mstari nyuma ya kiti changu. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia chombo hiki hakikosei. Nikaona aibu kukiondoa mbele yao. Nikaupitisha utepe wako kitambuzi kikiwa ndani.

Utepe wa mto mmoja hauna majina ndani, jina naliandika mimi juu ya karatasi kwa kalamu; basi karatasi ikatoka safi. Namba tupu, zimepangana vizuri. Tarakimu ni zilezile kwa herufi zao na zetu, kwa hiyo hazikuguswa. Ile C tu ndiyo kitambuzi kilidhani ni silabi ya Kijapani, na kwa vile silabi hiyo haimo katika orodha yetu ya alama, kikaiacha. Maji yaliyokuwa chini ya alama yakawa juu yake. Mimi nikaona ukurasa hauna uchafu, nikajiambia kumbe Bwana Nishida alikuwa mwoga tu. Tangu siku hiyo sikukiondoa tena.

Habari za ng'ombe zilipofika, nilikumbuka ule ukurasa siku ileile. Nataka ujue hivyo. Nilikumbuka, kisha nikakaa nikatafuta mtu mwingine wa kubeba lawama. Nikampata Seni, na nilipoona Seni hatoshi, nikachukua mchele wa dada yangu nikauweka juu yako. Hata sikwenda kuinua utepe dirishani mpaka uliponiambia. Niliogopa kuziona hizo C.

Tarehe 26 nilipoona matundu yamelingana, nilifunga mlango, nikaandika zile amri tatu, kitambuzi kikatoka. Nikapitisha tepe zote za Chimala. C zikashuka kwenye karatasi, moja chini ya nyingine, wiki saba. Nikazikunja nikaziweka mkobani. Ndipo nikakuandikia ile barua fupi.

Jana nilizipeleka kwa Bwana Sedekia pamoja na daftari langu. Alisoma, kisha akaniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia shemeji yangu. Akasema, "Basi bado linaweza kuishia kwenye familia." Nikamwambia nakala nyingine nimekwisha kuipeleka kwa mwenyekiti wa kamati, asubuhi, kabla sijaingia kwake. Hakunifukuza kwa kelele. Alinyoosha mkono nimpe funguo za chumba cha mashine.

Amri ya kufunga lango imetumwa leo kwa simu ya maandishi. Seni amerudishiwa kazi. Mimi napelekwa Igowole kuwa karani wa ghala la mbegu.

Sijui nimwandikie nini Seni. Wewe unamjua. Niambie.

Verediana


Mbeya,
16 Novemba 1978

Shemeji,

Nimesoma. Kalista naye amesoma, ameomba aisome mwenyewe.

Sitakuambia umwandikie nini. Mwandikie hayo uliyoniandikia, bila kupunguza. Usimpelekee habari za wageni wa Dar kama vile wao ndio waliokaa kwenye kiti.

Nami nina langu. Uliniuliza habari ya tepe fupi, nikaona ni maswali ya askari tena, nikanyamaza kwa kiburi. Ningejibu mstari mmoja tu labda tungezungumza. Hilo ni langu, nitalibeba.

Asukile


Chimala,
26 Novemba 1978

Dada Verediana,

Barua yako imefika. Nimesoma mara mbili, mara ya tatu nimempa mwalimu anisomee kwa sauti, kwa sababu nilifikiri labda mimi sikuelewa. Kumbe nilielewa.

Lango imefungwa. Maji imefika kwetu siku ya nne, kidogo, lakini imefika. Mimi nimerudi kwenye ubao. Ofisi imeniandikia karatasi inasema sina kosa. Nimewaonyesha ndugu zangu. Kaka yangu ameitazama akasema, "Karatasi ya kwanza ilisema maji iko juu. Hii nayo ni karatasi." Mimi siwezi kumlaumu.

Unaomba nikusamehe. Mimi kwa upande wangu nimekusamehe. Wale ng'ombe wanne wa kwangu, nimesamehe. Lakini kumi na tano ni wa watu wengine, siwezi kusamehe vya watu. Na mama yangu bado anakaa kwa kaka.

Kama unaweza, njoo. Usitume karatasi. Njoo useme kwa mdomo, wakusikie. Sitakudanganya kwamba watakupokea vizuri.

Seni Malimi


Igowole,
12 Desemba 1978

Shemeji Asukile na Dada Kalista,

Nimekwenda na nimerudi. Nawaandikia wote wawili ili msije mkasikia kwa watu.

Niliomba ruhusa siku tatu. Basi liliniteremsha Chimala saa nne asubuhi, Seni akanipokea barabarani. Tulitembea kwa muda wa karibu saa mbili mpaka kijijini kwao. Njiani hakuniambia nisemeje. Alinionyesha tu mifupa, hapa miwili, pale mitatu, akitaja mwenye ng'ombe kila tulipopita. Nilijaribu kuyashika majina.

Walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ya kaka yake, wanaume upande mmoja, wanawake kwenye mikeka. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari ya mashine. Nikaanza: tepe, matundu, herufi za Kijapani. Nikaona nyuso zao, nikajua nafanya tena kilekile, najificha nyuma ya mashine. Nikaacha. Nikawaambia, "Seni aliandika maji yako chini. Karani wa Mbeya aliandika maji yako chini. Ilipofika kwangu ikawa juu. Ni mimi."

Mzee mmoja akauliza, "Walikupa nini, wale wa mpunga?"

Nikasema, "Hawakunipa kitu. Hawanijui."

Akasema, "Basi ni vibaya zaidi," na wengine wakaguna. Walibishana kwa Kisukuma muda mrefu. Wapo waliotaka niondoke palepale. Kijana mmoja aliyepoteza ng'ombe watano alinyanyuka akaenda zake bila kunitazama, na sidhani atanitazama siku yoyote.

Kisha mama yake Seni akainua mkono. Ni yule uliyempeleka kwa daktari, shemeji. Bado haoni vizuri, alikuwa akinitafuta kwa sauti. Akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, "Ulijua?"

Ningeweza kusema sikuwa na hakika. Neno hilo lilikuwa mdomoni.

Nikasema, "Nilijua."

Yule mama akatafuta mkono wa Seni, akaushika, akambakiza hapo karibu yake. Kisha akasogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi ya kukaa.

Verediana